Kosa la Hamu kwenye Filamu za Zamani

Mwaka 1931 kampuni ya MGM ilitoa Trader Horn, filamu ya safari na hatari iliyopigwa Afrika Mashariki na Kongo. Sehemu yake ilipigwa Maporomoko ya Murchison, ambayo msafiri wa kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huyakaribia akishavuka Nile pale Pakwach. Wanawake wa Kiafrika walioneshwa vifua wazi. Edwina Booth, Mzungu, alisitiriwa na nywele zake ndefu.

Mwaka 1934 MGM hiyohiyo ilitoa Tarzan and His Mate, na pale Jane anapoogelea uchi wakaguzi wakaikata sehemu hiyo. Kisha mwaka 1939 kanuni za Hollywood zikaruhusu wenyeji wa nchi za mbali waonekane bila nguo, mradi wamepigwa picha kwao, katika maisha yao. Kifua cha Mzungu kilikuwa dhambi, cha Mwafrika kikawa mandhari. Miaka ya 1950 mfanyabiashara Kroger Babb aliwauzia Wamarekani filamu iitwayo Karamoja, na tangazo lake kubwa lilikuwa uchi wa watu wa eneo hilo la Uganda.

Lakini huko Logiri, kusini mwa Arua, bibi wa Kilugbara wa zamani alijifunga majani mbele na nyuma akaenda shambani. Miongoni mwa watu wake alikuwa amevaa. Wajukuu zake, waliolelewa na misheni za Ediofe na Mvara au misikiti ya Koboko, wakiona picha za namna hiyo leo huinamisha vichwa. Serikali nazo zimeshika fimbo. Idi Amin, ambaye kwao upande wa baba ni Koboko, alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972; pia aliwalazimisha Wakaramojong, watu wa Karamoja, kuvaa nguo. Sheria ya kupinga ponografia ya mwaka 2014 ilifuatiwa na wanawake kushambuliwa barabarani, hadi Mahakama ya Katiba ilipofuta vifungu vyake vikuu mwaka 2021.

Amri na sheria hizo zote zilimkamata anayetazamwa. Maandiko yanaanzia kwingine. Katika Mwanzo 9 Nuhu ndiye aliyelala uchi, lakini lawama ikamwangukia Hamu, aliyeona kisha akatoka nje kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi waliingia kinyumenyume wakamfunika baba yao. Surat an-Nur nayo inawaamuru kwanza wanaume wainamishe macho, ndipo inafika kwenye mavazi ya wanawake. Na ajabu ni hii: waliotufundisha kwamba Mwafrika amelaaniwa kwa ajili ya Hamu ndio waliotazama, wakatoka nje, wakakata tiketi.

Kwa hiyo kumziba bibi wa namna hiyo kwenye filamu hizi kwa ukungu wa kompyuta ni kumhukumu upya, na kuifuta filamu nzima ni kumfichia muuzaji ushahidi. Zihifadhiwe zilivyo, zioneshwe darasani, na kanuni ile ya 1939 isomwe kabla taa hazijazimwa. Kwenye kibanda cha video, kama burudani ya jioni, hazina kazi.