Fedha za Bima ni za Nani?

Msomaji wangu, yako makosa ambayo mtu huyaona mara moja, kwa sababu aliyedhulumiwa yupo mbele yake na ana uso. Yako mengine ambayo hayafanani na makosa hata kidogo, kwa kuwa aliyedhulumiwa hajulikani jina lake wala mahali akaapo. Nataka tutazame moja katika haya ya pili. Mimi mwenyewe nilikaribia kulitenda, na kilichonizuia hakikuwa wema.

Mji wa Laare uko katika milima ya Nyambene, kaskazini mashariki ya Maua, katika nchi ya Igembe. Riziki yake ni miraa. Mmea huo haungoji mtu: ukikaa siku mbili au tatu tangu kuchumwa hunyauka, na thamani yake huanguka. Kwa hiyo hufungwa katika majani ya migomba, hupakiwa katika pikapu, na pikapu hizo huteremka kwenda Nairobi kwa mwendo ambao wazee wameukemea miaka mingi bila ya kusikizwa. Mtoto wa Laare huanza kuipenda motokaa kabla hajajua kusoma.

Rafiki yangu mmoja, tuliyeketi naye dawati moja utotoni, alirithi shamba la miti mizee ya miraa. Soko la Somalia lilipofunguliwa tena Julai 2022, likiwa limefungwa tangu Machi 2020, alipata faida, naye mwanzo wa mwaka uliofuata akaamua kuitimiza tamaa yake ya siku nyingi. Alinunua gari la Kijerumani la fahari, la milango 2, lililoundwa kwa mbio, ambalo lilikuwa limetumika Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililopita miaka 8. Hili lilikuwa na miaka 6. Lilishuka katika bandari ya Mombasa, likalipiwa ushuru, likapanda hadi Nyambene. Sioni kosa katika hayo. Mtu aliyepalilia na kuchuma ana haki ya kufurahia jasho lake, wala mwalimu apandaye matatu asiufanye umaskini wake kuwa sheria ya wengine.

Walakini gari lile lilikuwa na udhaifu katika miguu yake. Ukitazama ubavu wa tairi lolote utakuta namba zimechapwa katika mpira wenyewe. Matairi yale yaliandikwa 245/35 R19. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, kikihesabiwa kuwa sehemu katika 100 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu, nawe utaona kwamba baina ya rimu na barabara palikuwa na milimita 86 kasorobo tu, kiasi cha upana wa vidole vinne. Tairi la 205/70 R15, ambalo hufaa gari la mizigo, lina milimita 143 na nusu. Ubavu mfupi haupindi gari linapokata kona kwa kasi, na hiyo ndiyo sababu ya kuundwa hivyo. Lakini hewa iliyo kati ya jiwe na chuma ndiyo mto ambao gari hulalia, na mto wa vidole vinne ni wa barabara laini. Kutoka lami ya Laare kwenda mashambani njia ni za udongo mwekundu na mawe.

Palikuwa na namba nyingine nne, 0817, maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 8 la mwaka 2017. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba matairi ni mazima kama mapya. Kweli, meno yake yalikuwa marefu. Ila mpira huzeeka hata gari likiwa limelala, na miaka 6 si michache kwake. Nilipomsomea rafiki yangu namba hizo alikasirika sana. Alisema kwamba mtu anayejua kasoro ya kitu akanyamaza mbele ya asiyejua ni mwongo sawasawa na anayesema uongo kwa kinywa. Yashike maneno hayo, msomaji, tutayahitaji.

Alikata bima kamili. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humtaka mwenye gari awe na bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumia au kufa kwa sababu ya gari lake. Gari lenyewe si lazima likingwe. Yeye alitaka na gari likingwe, akalipa zaidi. Hakusoma karatasi yote. Aghalabu hati za namna hiyo huwa na kifungu kisemacho kwamba kampuni haitalipa tairi lililochanika au kupasuka barabarani, isipokuwa gari limeharibika pamoja nalo katika ajali. Kifungu hicho kilikuwamo katika yake.

Zikaja mvua za Novemba 2023, ambazo ziliharibu barabara nyingi za nchi hii. Usiku mmoja aliacha lami kwa mwendo wa lami, na gurudumu la mbele la kushoto likapiga ukingo wa shimo lililojaa maji. Tairi lilichanika ubavuni na rimu ikapata ufa. Mwili wa gari haukukwaruzika hata mahali pamoja. Bei ya rimu hiyo na tairi lake ilipita mshahara wangu wa miezi miwili.

Kesho yake alinijia na karatasi nyeupe. “Mwalimu,” aliniambia, “kalamu yako ni nzuri. Andika kwamba tulikuwa pamoja, na kwamba pikapu ya miraa ilitusukuma ikakimbia. Bamba la mbele nitalikwaruza mwenyewe. Kampuni ile ina maghorofa Nairobi. Haitalia kwa gurudumu moja.” Nilipositasita aliongeza neno ambalo lilinigusa zaidi: “Kwa pikapu yangu nimelipa bima miaka 9, na kwa gari hili karibu mwaka mzima, wala sijadai hata senti. Nachukua kilicho changu.”

Nilikubali. Usiku niliwasha taa nikaandika saa, mahali, hali ya mvua. Nilipofika penye pikapu ilinibidi kutaja rangi, kwa sababu polisi wangeuliza. Nilifikiri nyeupe, nikakumbuka pikapu nyeupe ya mzee mmoja wa kanisa, ambayo imepeleka wagonjwa wengi hospitali ya Maua usiku wa manane. Nilifikiri nyekundu; hiyo ni ya mjomba wa mke wangu. Nilifikiri buluu, nikamwona kijana niliyemfundisha miaka 4, ambaye angali akilipa mkopo wa gari lake. Kila rangi iliyonijia ilikuwa na mwenyewe. Nililala bila ya kumaliza.

Asubuhi nilijiuliza jambo la kunionea haya: kwa nini nilikuwa tayari kumwibia mtu nisiyemjua, nikashindwa tu kumsingizia mtu ninayemjua? Hapo ndipo nilipoanza kuuliza fedha za bima ni za nani hasa.

Katika nchi yetu nyumba ya mtu ikiungua, au mtoto wake akilazwa hospitali, watu huitana wakachanga. Kila mmoja hutoa kidogo, na mzigo ambao ungemvunja mmoja hubebwa na wengi bila ya kumchosha yeyote. Bima ni mchango wa jinsi hiyo hiyo, ila wachangaji hawaonani. Wanatanguliza mchango kabla msiba haujaja, na kampuni hushika mfuko kwa faida yake. Maghorofa ni ya kampuni, sikatai. Lakini madai yakizidi, kampuni haiuzi ghorofa, bali huongeza ada ya mwaka ujao. Atakayeilipa ni mwenye teksi wa Embu, na mwalimu wa Kisumu aliyenunua gari dogo kwa mkopo, na mwenye pikapu wa Laare.

Basi fikiri kwamba rafiki yangu angesimama sokoni siku ya soko, mbele ya akina mama wauzao ndizi, akasema: “Jamani, nichangieni rimu ya inchi 19.” Wangecheka mpaka waketi chini. Naye asingethubutu, maana anawajua nao wanamjua. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ilipopiga miraa marufuku, wakulima wa Igembe walipoteza soko kubwa. Nyumba ninazozijua zilishindwa kulipa karo, na sikusikia hata moja iliyolipwa na bima yoyote. Msiba ule kila mtu aliubeba na jamaa zake. Seuze gurudumu la fahari! Kitu ambacho mtu angeona haya kukiomba mbele ya nyuso, je, kinakuwa halali akikichukua gizani?

Lakini tusimhukumu haraka, kwa maana hoja yake ya pili ina nguvu. Alilipa miaka 10. Je, hakustahili chochote? Mimi naona alistahili, naye alikwisha kupokea. Kila usiku wa miaka ile alilala akijua kwamba gari likiungua hataanguka. Fedha zake hazikuwa zimewekwa akiba kwa jina lake. Zilikwenda kwa wale walioungukiwa kweli. Aliyechangia matanga ya jirani miaka 10 hawezi kudai arudishiwe kwa kuwa yeye hajafiwa.

Wala sisemi kwamba ni vibaya kukata bima ya magurudumu. Uingereza na Marekani huuzwa bima za tairi na rimu peke yake, na wenye magari ya fahari huzinunua. Huko wanaochanga ni watu wenye magurudumu dhaifu kama yake, wamekubaliana kubebeana udhaifu huo, na ada yake imepimwa kwa hatari hiyo. Hata majivuno yanaweza kukatiwa bima, maadamu wenye majivuno ndio wanaolipiana. Rafiki yangu angeinunua bima ya namna hiyo na kudai haki yake mchana. Kosa ni kuuchukua mzigo ambao wachangaji hawakuukubali, kuuvika nguo za mzigo waliokubali, na kuuweka juu ya vichwa vyao.

Mwaka 1766 Lord Mansfield, jaji mkuu wa Uingereza, aliamua kesi ya bima ya ngome moja iliyokuwa katika kisiwa cha Sumatra. Alieleza kwamba mkataba wa bima husimama juu ya nia njema, kwa sababu aghalabu mambo yenye kupima hatari hujulikana na upande mmoja tu, na upande wa pili hauna budi kumwamini. Nilimweleza rafiki yangu habari hiyo kwa fahari ya mwalimu. Haikumsisimua. Lakini nilipomkumbusha maneno yake mwenyewe juu ya muuzaji wa Japani aliyenyamaza umri wa tairi, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mimi nimesoma mpaka nimeharibika, akaondoka. Hakunisalimu tena hadi Pasaka.

Baadaye nilisikia kwamba aliziuza rimu 3 zilizobaki, akaongeza fedha kidogo, akatia za inchi 17 zenye matairi ya 225/50. Hesabu mwenyewe: ubavu ulikua ukafika milimita 112 na nusu, wala kimo cha gurudumu zima hakikubadilika ila kwa milimita 3 hivi. Vijana wa stendi husema gari limepoteza uzuri wake, na wana haki. Barua yangu ingali ndani ya daftari la maandalio ya masomo. Ina mistari minne, nayo imekomea katika maneno “pikapu ya rangi ya”.