Aliyesalia, Je, Alistahili Kusalia?

Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga. Siku hizi neno hili limevikwa joho la elimu: twaambiwa ya kuwa ndivyo ilivyo kwa viumbe vyote, mwenye nguvu husalia na mnyonge hupotea, na ya kuwa kumhurumia mnyonge ni kushindana na maumbile. Tumelisikia likinenwa juu ya wazee, juu ya maskini wa mijini, hata juu ya makabila madogo. Basi na tuyaulize maumbile yenyewe.

Yapata miaka milioni 66 iliyopita, kimondo chenye upana wa kilometa 10 hivi kilianguka mahali paitwapo leo Chicxulub, nchini Meksiko. Vumbi na masizi vikaliziba jua. Mimea ikafa, waliokula majani wakafa njaa, waliokula nyama wakawafuata. Katika kila aina nne za viumbe, kama tatu hivi zilitoweka. Dinosaria, waliotamalaki nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 100, wakaisha, isipokuwa lile tawi lao ambalo ni ndege. Ni nani aliyewapita kwa nguvu?

Hebu tuwatazame waliosalia. Katika nchi kavu, karibu kila mwenye mwili mkubwa aliangamia. Walipona wadogo mfano wa panya, waliojificha mashimoni wakila wadudu na mabaki. Kwao ndiko ulikotoka ukoo wa wanyama wanyonyeshao, nasi tumo kwa upande wa mwili. Walipona ndege kadhaa, pengine kwa kuwa midomo yao iliweza kuvunja mbegu zilizobaki udongoni. Walipona kobe wa mitoni. Alipona na mamba, ambaye hatuna mapenzi naye, kwa kuwa aweza kukaa miezi mingi bila kula.

Mtu atasema: basi hao ndio waliokuwa bora. Bora kwa lipi? Shimo lilichimbwa kwa kumwogopa adui wa kila siku, wala si kwa kukingoja kimondo. Mwaka mmoja kabla ya msiba, mwili mkubwa ulikuwa utajiri. Mwaka uliofuata ukawa deni. Hatusemi ilikuwa bahati tupu, la. Twasema tu ya kwamba kusalia si cheti cha ubora, na atakayekitumia kumdharau jirani yake amekighushi.

Zaidi ya hayo, kimondo hakikuwa na dhamiri. Katika korongo la Kihansi, huko Udzungwa, Tanzania, aliishi chura mdogo wa sentimeta 3 hivi, katika manyunyu ya maporomoko tu, pasipo mahali pengine duniani. Mwaka 2000 maji yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Baadaye ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Hatuwalaumu waliojenga bwawa. Hospitali zetu zauhitaji umeme, na meza hii tunayoandikia pia. Lakini kulikuwa na watu waliotandika mabomba ya kunyunyizia maji katika vinamasi vile, na vyura wapatao 500 walikuwa wamekwisha kupelekwa Marekani, wakazaliana huko.

Mwaka 2012 walianza kurudishwa kwao. Hawakurudi na nguvu mpya. Walikuwa vyura wale wale, nao walikuta manyunyu yanawangoja.