Ukweli wa Kibao cha Njiani

Katika majimbo mengi ya Marekani, msafiri wa barabara kuu hukutana na vibao vya chuma vilivyosimamishwa kando ya njia, vikieleza kwa maneno machache kwamba hapa palijengwa ngome, au pale walipita askari wa vita vya uhuru wao. Jimbo la Virginia lilianza kuvisimamisha mwaka 1927. Pennsylvania ilianza vibao vyake vya buluu, vyenye herufi za rangi ya dhahabu, mwaka 1946. Na vile vya barabarani viliandikwa kwa herufi kubwa ili dereva asome bila kushuka garini. Maneno, basi, hayana budi kuwa machache, na penye maneno machache kila neno hubeba mzigo mkubwa. Ndiyo maana twaona kuwa jambo hili lawahusu walimu wa lugha, wala si wanahistoria peke yao.

Tutazame kibao kimoja tu cha Pennsylvania, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Ununuzi wa Matembezi". Habari yenyewe ni hii. William Penn, aliyepewa koloni hilo na mfalme wa Uingereza mwaka 1681, alisifika kwa kupatana na Walenape, wenyeji wa nchi ile, badala ya kuwapiga vita. Alipokufa mwaka 1718 aliwaachia wanawe koloni, na madeni pia. Ndipo mwanawe Thomas na wenziwe walipoitoa hati waliyodai kuwa ya mwaka 1686, ambayo kwayo Walenape walikuwa wameitoa ardhi ya mwendo wa siku moja na nusu. Wazee wao, miongoni mwao Nutimus, waliikubali mwaka 1737, wakidhani kwamba mwendo ni mwendo: mtu hutembea, hupumzika, hula, kisha huendelea. Kumbe njia ilikuwa imekwisha kufyekwa msituni, na wanaume watatu wenye nguvu wamechaguliwa na kuahidiwa zawadi. Tarehe 19 Septemba waliondoka Wrightstown. Wawili walishindwa njiani. Wa tatu, Edward Marshall, alikuwa amekata zaidi ya kilomita 100 kufikia adhuhuri ya siku ya pili. Kisha mpaka ukapigwa kwa upande uliozidisha ardhi ya Penn. Walenape walilalamika sana. Mwaka 1742, katika baraza lililokutana Philadelphia, Canassatego, msemaji wa mataifa ya Iroquois, aliwaamuru wahame.

Kibao hakiyafichi hayo yote. Chasema kwamba hati ile ilikuwa ya kudaiwa tu, na kwamba watu walichaguliwa makusudi ili kipimo kivutwe hadi mwisho wake. Kwa kibao cha serikali, huo ni unyofu usiokuwa wa kawaida. Lakini hebu tukichambue kama tunavyochambua sentensi darasani. Mtendaji ni nani? Ni Thomas Penn. Alitenda nini? Aligeuza siasa ya baba yake kuhusu wenyeji. Akapoteza nini? Urafiki wao. Hasara inayohesabiwa ni ya Penn, aliyepungukiwa na marafiki. Aliyepungukiwa na nchi hatajwi hata kwa jina lake. Anaitwa Mhindi, jina lililotokana na kosa la mabaharia waliodhani wamefika Bara Hindi. (Nasi katika Kiswahili tuliongeza "Mwekundu" ili tumtenge na Mhindi wa Bombay, tukadhani tumelimaliza tatizo.)

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo limetusumbua. Je, ukiri usiorudisha kitu ni ukiri? Mwizi akisimama sokoni akasema, "Naam, ng'ombe huyu ni wa wizi," kisha akamswaga kwenda naye zizini kwake, tumsifu kwa ukweli wake? Wako watakaosema kwamba afadhali anyamaze, maana maneno yake ni kejeli. Mwaka 2004 Taifa la Delaware, mojawapo ya jamii za kizazi cha Walenape, lilidai mahakamani ekari 315 katika nchi ile ile. Shauri lilitupwa, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kulisikiliza. Hoja iliyowashinda ni kwamba hata kama palikuwa na hila, haki yao ya asili ilikwisha kufutwa na mwenye mamlaka. Yaani hila yaweza kuandikwa barabarani kwa herufi za dhahabu, na ardhi isisogee hata unyayo mmoja.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaotaka kimya. Mtu aliyenyang'anywa, kisha akaambiwa kwamba aliuza, ameibiwa mara mbili: kwanza mali, pili ushahidi wake. Wizi wa pili waweza kurudishwa kwa neno tu, bila hakimu, na anayekataa kulirudisha hana udhuru wa gharama. Teedyuscung, kiongozi wa Walenape, alipolalamika mbele ya wakubwa wa koloni huko Easton mwaka 1756, alitaka pia kwamba tendo lile liitwe kwa jina lake. Hofu yetu ni nyingine: kwamba msomaji apitaye kwa kasi atauona ukiri ule, aridhike, adhani shauri limekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Walenape wa leo wako Oklahoma, Wisconsin na Ontario huko Kanada, mbali na mto wao.

Twaweza kuwapa wanafunzi wetu wa madarasa ya juu zoezi la kuandika upya maneno ya kibao hicho, yasizidi yale yaliyopo, ila Mlenape awe mtendaji. Watagundua upesi kwamba si rahisi, kwa sababu kabla ya kufika kwenye sentensi ya kwanza watakuwa wamekutana na kichwa chake, kilichoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote. Nacho hadi leo chasema "Ununuzi".