Mshubiri Uani kwa Kizuka



Ndugu zangu, mama zangu, sisi watu wa Malindi na Kilifi kwa matanga hatujambo. Akifa mtu Shela au Takaungu, maiti haijafika makaburini majamvi yameshatandikwa na sufuria ziko mekoni. Hitima ikisomwa, majamvi hukunjwa, kila mtu akashika njia yake. Anayebaki ni kizuka, mjane aliye edani, na miezi yake minne na siku kumi, aliyopangiwa katika Sura ya Baqara. Mwezi wa tatu, nani humuuliza ameamkaje?

Kizuka hatoki ila kwa haja, hajipambi, hajitii manukato. Lakini eda haikumfunga mikono. Wapo akina mama wa huku waliopata faraja kwa makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, yakatiwa mchanga na samadi kidogo ya mbuzi, yakapandwa mshubiri, ule ambao vijana huuita alovera. Mmea huu haumsumbui mwenye huzuni. Maji yake umeyaweka akiba katika majani, hata ukiusahau wiki nzima ya kaskazi utaukuta. Kinachouua ni kumwagiwa maji kila siku, mizizi ikaoza. Chipukizi likikatwa huachwa siku chache, kidonda kikauke, ndipo lipandwe. Ipo hata aina moja ya pwani yetu ambayo wataalamu wa mimea wameiita kwa jina la Kilifi. Ila usiende kung'oa ya porini, maana serikali ilipiga marufuku mwaka 1986. Omba kwa jirani.

Asitokee mtu akasema huu ni upuuzi. Bi Ummu Salama, radhi za Allah zimshukie, alifiwa na mumewe Abu Salama kwa jeraha la vita vya Uhud. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwake, naye yumo edani, akamkuta amejipaka shubiri ya mmea huu. Akamuuliza ni nini. Akajibu ni shubiri tu, haina manukato. Mtume akamweleza kuwa inang'arisha uso, basi aipake usiku na aiondoe mchana. Wapo wanavyuoni walioidhoofisha sanadi ya hadithi hii, nami sijengi hukumu juu yake. Nautaja ule upole: aliuliza kwanza, kisha akaelekeza. Sisi huanza na kukemea. Mbona walia bado? Mbona wacheka? Mbona wapanda maua na arobaini haijafika? Na Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim, macho yake yalitoka machozi mbele za watu.

Neno moja la tahadhari. Mshubiri si marehemu. Ukijikuta wazungumza nao kana kwamba mumeo yumo ndani, rudi nyuma. Marehemu hufikiwa kwa dua na sadaka. Sahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo. Akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akalitoa shamba lake kwa ajili yake. Wewe huna shamba? Toa chipukizi. Mtoto wa jirani akiungua kwa mvuke wa chungu, likatwe jani, na nia yako iwe kwa aliyetangulia.

Basi ukienda kumpa pole kizuka mwezi huo wa tatu, mchukulie kopo la mchanga na chipukizi. Habari za posa ziache mlangoni, eda haijaisha.