Jicho la Upinde

Chombo kizuri humzidishia mtu uwezo, lakini hakimzidishii haki. Neno hili ni jepesi kusemwa na zito kushikwa, maana mtu akishapata uwezo mpya hudhani upesi kwamba ruhusa nayo imekuja pamoja nao. Mahali pamoja ambapo kosa hili huonekana wazi ni dukani, mwindaji anaposimama mbele ya kabati kuchagua darubini ya kulengea kwa ajili ya upinde wake wa mtambo. Muuzaji humwuliza kiasi cha fedha alicho nacho. Swali lililo kubwa kuliko hilo haliulizwi: mtu huyu anataka kuona nini, na akishaona atafanya nini?

Upinde wa mtambo ni upinde uliolazwa juu ya gogo lenye kitako kama cha bunduki. Upote wake huvutwa mara moja, ukanaswa, ukangoja mpaka kidole kiuachilie. Mpigaji hahitaji nguvu za kuuzuia anapolenga. Silaha yenyewe humzuilia. Wepesi huo ndio ulioiletea lawama tangu kale. Mwaka 1139 Baraza la Pili la Laterano, lililokutana Roma, liliwakataza Wakristo kuutumia ustadi wa wapiga pinde, za mtambo na za mkono, juu ya Wakristo wenzao. Katazo halikushikwa, na mwaka 1199 Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alikufa kwa jeraha la mshale wa upinde huo alilolipata mbele ya ngome ya Châlus, Ufaransa. Katika misitu ya Gabon, Wafang nao walikuwa na upinde wa mtambo wa mti, ambao waliupigia vishale vidogo vyenye sumu. Katika mikono hiyo yote hapakuwa na darubini. Jicho la mtu lilikuwa ndilo mpaka wa silaha.

Leo mpaka huo umesogezwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, imekataza kumwua mnyama wa mwitu kwa upinde wa namna yoyote. Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake, majimbo mengi huruhusu upinde wa mtambo kwa kuwinda ayala wa mkia mweupe; na baadhi ya majimbo hayo yaliuruhusu kwanza kwa walemavu tu, watu wasioweza kuvuta upinde wa mkono. Huko mwindaji huchagua katika namna tatu za jicho. Kuna tundu na ncha ya chuma, visivyokuza kitu. Kuna kioo chenye nukta nyekundu, ambacho nacho aghalabu hakikuzi, lakini huonyesha upesi mahali pa kulenga. Tena kuna darubini yenye mistari kadhaa, mmoja chini ya mwingine, kila mstari ukiwa umepimwa kwa umbali wake: yadi 20, 30, 40, 50, na pengine kuzidi.

Anayeitetea darubini ana hoja iliyo njema. Mshale hauui kwa kishindo. Huua kwa kukata. Chembe chake kikipita katika mapafu au moyo, ayala hutokwa na damu na kuanguka baada ya muda mfupi. Kikiingia tumboni, mnyama hukimbia, akateseka kwa saa nyingi, akafia kichakani asikoonekana na mtu. Kati ya kifo hiki na kile pana nafasi isiyozidi shibiri mbili. Basi kila kitu kinachomsaidia mpigaji kupiga mahali panapostahili ni huruma, na mwenye macho mabovu anayekataa kioo kwa kiburi cha kuitwa mwindaji wa kale humlipisha mnyama gharama ya sifa yake mwenyewe.

Tena saa za mawindo zina giza. Ayala hutembea zaidi alfajiri na jioni, wakati tawi hufanana na pembe na kivuli hufanana na bega. Hapa ukubwa wa nguvu ya kioo si faida siku zote. Kioo cha mbele chenye kipenyo cha milimita 32, kikikuza mara 4, hutoa mwali wenye upana wa milimita 8, ambao hulijaza jicho la mtu gizani. Kipenyo hicho hicho, kikikuza mara 8, hutoa milimita 4 tu, na picha huwa kubwa lakini yenye utusitusi. Asiyejua jambo hili hununua ukubwa akidhani amenunua mwanga. Mwenye hekima hununua kidogo cha kukuza na kingi cha kuangaza, maana haja yake ni kumjua mnyama aliye mbele yake na kilicho nyuma ya mnyama huyo, asije akapiga asichokikusudia.

Kama habari ingaliishia hapa, pasingalikuwa na shida. Lakini kioo hurefusha jicho wala hakirefushi mkono. Mshale uendao mita 107 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida ya pinde za siku hizi, hutumia karibu sehemu 4 za kumi za sekunde kufika mita 40. Katika muda huo uzito wa dunia huushusha karibu sentimita 70. Mstari wa darubini unaweza kulisahihisha jambo hilo, kwa kuwa uzito wa dunia haubadiliki. Lakini sauti ya upote huenda kama mita 340 kwa sekunde. Humfikia ayala mapema, na kumwachia zaidi ya robo ya sekunde kabla mshale haujafika. Ayala aliyeshtuka hujiinamisha apate kuruka, na mapafu yaliyolengwa hayapo tena mahali pake. Kwa mita 60 muda huo huzidi theluthi ya sekunde. Hapana mstari uliochorwa katika kioo chochote unaoweza kusahihisha hofu ya mnyama.

Hapo ndipo huruma inapogeuka kishawishi. Macho hayana pazia, wahenga walisema, na jicho lililozidishwa nguvu lina pazia haba zaidi. Mwindaji mwenye tundu la chuma, amwonapo ayala kwa mita 60, humwona mdogo, akajua kwamba hana budi kutambaa amkaribie au kumwacha aende zake. Mwenye darubini humwona mkubwa, kana kwamba yu mlangoni, na tena mstari wa umbali ule umo kiooni tayari, mfano wa mtu anayemwambia, piga. Chombo kilichonunuliwa ili kupunguza majeraha chaweza hivyo kuyazidisha. Si kwa ubaya wake, bali kwa uzuri wake.

Wako wanaosema kuwa dawa ni kuitupilia mbali darubini, kwani humnyima mnyama bahati yake ya kuokoka. Huko Marekani chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kimefundisha kwa miaka mingi kwamba mwindaji asijitwalie faida isiyo ya haki juu ya mnyama aliye huru. Fundisho hili ni la heshima, lakini halina budi kuelezwa vema. Ayala hachezi mchezo. Hakukubali kanuni, hapati tuzo, wala hajui kuwa amepewa bahati. Kumpiga vibaya kwa sababu ya kukataa msaada wa kioo si kumpa bahati. Ni kumpa maumivu. Bahati ya kweli ya mnyama iko kabla ya mshale kutoka: iko katika pua yake, masikio yake na miguu yake, wakati mwindaji anapojaribu kumkaribia. Faida isiyo ya haki, basi, si kuona sawasawa. Ni kuukwepa ukaribu huo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na anayetaka uhai wa kiumbe asione haya kuinama zaidi.

Kwa hiyo kipimo cha kuchagua hakipatikani katika darubini yenyewe. Hupatikana katika uwanja wa mazoezi. Mtu apige mishale katika shabaha kwa mita 20, kisha 30, kisha 40, siku ya upepo na siku ya utulivu, akiwa amepumzika na akiwa anahema. Pale mishale yake inapoanza kutawanyika kuliko upana wa kiganja, hapo ndipo mwisho wa haki yake, hata kama kioo kingali kikimwonyesha mbele. Mzee ambaye macho yake yamefifia na kijana mwenye macho makali huenda wakanunua kioo kimoja kwa bei moja. Kwa mzee huenda kikawa wajibu, kwa kijana huenda kikawa mtego. Tofauti haimo katika kioo.

Wala hapana atakayewahukumu. Aldo Leopold, Mmarekani aliyewinda kwa upinde na ambaye kitabu chake mashuhuri kilitokea mwaka 1949, baada ya kufa kwake, alitambua kuwa mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala wa kumzomea. Dhamiri yake ndiyo shahidi wake. Mshale ukienda kombo jioni msituni, damu huonekana juu ya majani, kisha hupotea, na mtu mmoja tu ndiye ajuaye umbali aliopigia. Ayala hawezi kushtaki.

Mwenye kujua hivyo atachagua darubini ya kiasi, yenye mwanga wa kutosha na mistari michache. Na ikiwa imekuja na mistari inayopita uwezo wake, ataihesabu kama milango ya nyumba ya mtu mwingine: huiona, lakini haingii. Siku nyingine atamwona ayala vizuri sana, pembe zake na pumzi yake katika baridi, naye ataushusha upinde. Siku hiyo darubini itakuwa imefanya kazi yake kamili, kwa kuwa imemwonyesha kwamba ni mbali.