Je, Ng'ombe Huyu Bado Analima?

Ibada ya Jumapili, 22 Oktoba 2023
Masomo: Mithali 14:4, Luka 14:28-30, 1 Wafalme 19:19-21, 2 Wafalme 4:1-7

 

Sulemani alikuwa mtu wa mali, na alijua gharama ya kufuga. Katika Mithali 14 anasema jambo ambalo kila mfugaji hapa analijua. Usipokuwa na ng'ombe, zizi lako litakaa safi. Hakuna mavi ya kuzoa, hakuna nyasi ya kutafuta, hakuna daktari wa kulipa. Lakini pia hakuna wa kuvuta jembe, na msimu ukifika huna cha kuvuna. Ng'ombe anachafua, ng'ombe anakula, lakini ng'ombe analima.

Sasa wengi wetu hatuna ng'ombe wa jembe. Tuna bodaboda, tuna pikapu, tuna matatu ya mkopo. Na ndugu yetu mmoja ana lori la magurudumu kumi, linalobeba viazi kutoka Ol Kalou hadi Nairobi. Mnajua huyu ng'ombe anakula nini siku hizi.

Hebu tukumbushane. Septemba 2021 lita ya dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 115.60. Septemba 2022 ikawa 165. Julai 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 ikaenda 16, na Septemba EPRA wakatangaza 200.99. Tarehe 14 Oktoba 2023 wakatangaza tena: 205.47. Mtu anayetia lita 100 kwa safari moja, kwenda na kurudi, alikuwa anatoa elfu 11 na kitu. Oktoba 2023 akawa anatoa elfu 20 na zaidi. Lori ni lile lile, barabara ile ile, viazi vile vile.

Huyu ndugu na mkewe walikuja kwangu mwezi uliopita, siku chache baada ya bei kutangazwa. Wameniruhusu niyaseme haya, majina nayaacha. Ndugu alitaka tuombe, ikiwezekana nije nipake lori mafuta ya upako. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kuomba tutaomba sana, lakini mafuta ya upako hayachomeki kwenye injini. Umekuja na daftari?" Akasema hana daftari, hesabu iko kichwani. Mkewe akafungua mkoba, akatoa daftari.

Tukasoma pamoja. Safari moja inalipa 36,000. Dizeli 20,000. Dereva na tanboi 4,500. Ushuru wa kaunti, soko, na nyingine zimeandikwa "za njiani" (mnajua ni nini, na hizo sitaziombea), 2,500. Inabaki 9,000. Safari nane kwa mwezi ni 72,000. Mkopo wa lori ni 68,000 kila mwezi. Ndugu akatabasamu. "Unaona, Mchungaji? Inabaki elfu nne. Mungu ni mwema."

Mama akauliza polepole, "Na tairi, baba?"

Tairi ni kumi. Moja tu ilikuwa elfu thelathini na kitu. Hazikuwa kwenye hesabu. Bima haikuwa, wala grisi, wala siku lori linapolala gereji. Nikauliza mwaka huu tairi zilinunuliwa na nini. Mama akajibu zilinunuliwa na pesa za maziwa, na karo ya muhula wa pili ikalipwa kwa mkopo wa chama. Kwa hivyo, wapendwa, lori lilikuwa halilishi nyumba. Ng'ombe wawili wa maziwa ndio walikuwa wanalisha lori.

Yesu katika Luka 14 anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu wa namna hiyo ataketi kwanza, apige hesabu. Najua mahali pale Bwana anafundisha juu ya gharama ya kumfuata, siyo juu ya biashara. Lakini mfano wenyewe aliutoa kwa watu wa kazi, na hakuna aliyebisha kwamba mwenye akili huketi kwanza. Kuketi si kukosa imani. Kuna mafundisho yanazunguka huku nje, ati ukiandika hasara umeikiri na itakufuata. Hayo hayatoki kwa Yesu. Hasara ambayo haijaandikwa inakula vile vile, tena inakula usiku mkiwa mmelala.

Lakini hesabu haikuwa ndiyo shida kubwa. Nilimwuliza ndugu, "Kama daftari linasema hivi, ni nini kinakuzuia kuuza?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mchungaji, nilishuhudia."

Mnakumbuka ile siku. Lori liliingia hapa uwanjani likiwa na maandishi ya Ebenezeri mbele, na sisi sote tukatoka nje kushangilia. Akina mama walipiga vigelegele. Sasa anaona akiliuza, atakuwa amerudisha ushuhuda. Watu watasema alibarikiwa na nini basi, kama baraka imeenda kwa dalali. Na ninyi mnajua hayo maneno yangesemwa. Yangesemwa hapa hapa, kwenye foleni ya chai.

Kwa hiyo nataka nizungumze na sisi wa vigelegele kwanza. Mtu akiuza gari, shamba au duka, usimtafutie dhambi. Elisha alipoitwa alikuwa analima na jozi kumi na mbili za ng'ombe. Huyo hakuwa maskini. Alichukua jozi moja akachinja, akatumia mbao za nira kupikia nyama, akawapa watu wakala. Hatusomi kwamba majirani walisema ameanguka. Na Elisha huyu huyu, aliyejua kuachilia ng'ombe, ndiye baadaye alimkuta mjane ambaye mdai alitaka kuchukua wanawe wawili. Hakumwambia akiri kwamba deni halipo. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mafuta yakaongezeka, na akamwambia auze, alipe deni, kinachobaki waishi nacho yeye na wanawe. Muujiza ulifanyika, na bado mama alienda sokoni kuuza. (Yule mjane aliuza mafuta. Sisi tunayanunua. Haya, tusonge.)

Ndugu mwenye lori, wewe ulishuhudia kwamba Mungu alikusaidia. Hilo lilikuwa kweli na litabaki kweli hata lori likiwa kwa mtu mwingine. Ebenezeri ni jiwe la kusema Bwana ametusaidia mpaka hapa. Samweli aliliweka chini, hakulifunga shingoni atembee nalo.

Lakini sikumwambia auze. Sulemani bado yuko pale kwenye Mithali 14, na huwezi kulima bila ng'ombe. Tulirudi kwa daftari tukaona lori linashuka Nairobi limejaa na kupanda likiwa tupu. Nusu ya ile dizeli inabeba upepo. Mzigo wa kurudi, mbolea au saruji, ungelipa 15,000, na dizeli ingeongezeka kidogo tu. Basi wawili hao wakakubaliana hivi: kila safari itafute mzigo wa kurudi, mama ndiye ashike daftari, na pesa ya tairi itengwe kabla ya kitu kingine. Wakajipa mpaka mwisho wa Desemba, kabla karo ya Januari. Ng'ombe wa maziwa wasipoacha kulisha lori kufikia hapo, linauzwa, mkopo unalipwa, na watatafuta dogo. Dereva aliambiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu naye ana watoto, na haifai asikie habari ya kazi yake kutoka kwa dalali.

Tangu hapo lori limefanya safari tisa. Nne zimepata mzigo wa kurudi. Kwa sasa haitoshi, na Oktoba 2023 dizeli ikapanda tena. Tunaendelea kuwaombea. Na kama kuna mtu hapa anayejua duka la vifaa vya ujenzi upande wa Ol Kalou linaloleta saruji kutoka Nairobi, amwone shemasi pale mlangoni baada ya ibada.