Usione Haya Kurudi Darasani

Kaa hapa, mwanangu. Nimesikia barazani kwetu Jang'ombe kwamba umenuna. Unaitwa tena Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ukazime moto wa mazoezi na kuruka majini na jaketi la kuokolea, na cheti tayari unacho. Unaona wanakupotezea wakati.

Hawakupotezei, baba. Tangu marekebisho ya Manila ya 2010, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia unamtaka baharia athibitishe kila miaka 5 kwamba kuzima moto na kujiokoa majini bado anaweza. Ujuzi usiotumika huondoka, tena huondoka kimya. Cheti kinabaki kabatini, mikono imeshasahau.

Ujanani mwangu, tukivuka usiku kutoka Dar, tuliitafuta taa ya Chumbe, mnara uliojengwa 1904. Tukaipima kwa dira, tukatia alama kwenye ramani. Kazi yenyewe ilitufundisha upya kila zamu. Leo skrini inakuonesha ulipo, na sukani inajiendesha. Ni neema, siikatai. Lakini imekuondolea mazoezi ya kila siku, basi huna budi kuyatafuta mwenyewe.

Sikiliza yaliyoipata Royal Majesty, meli ya watalii iliyotoka Bermuda kwenda Boston, Juni 1995. Waya wa antena ya GPS ulichomoka. Mtambo ukaendelea kuonesha mahali meli ilipo, kumbe unakisia tu. Kwa zaidi ya saa 34 maofisa waliuamini. Wakaona kitu kwenye rada, wakadhani ndilo boya walilolitarajia. Meli ikapanda fungu karibu na Nantucket, maili 17 nje ya njia yake. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Na wale hawakuwa wanagenzi, mwanangu. Walikuwa na vyeti na miaka ya kazi.

Basi nenda, na usiende kufuata mhuri. Shika mpira wa maji kama moto ni wa kweli. Uliza ulichosahau, usione haya mbele ya wadogo zako. Ukirudi kazini, bahari ikiwa shwari, mwombe nahodha ruhusa uipime Chumbe kwa dira kwanza, ndipo utazame skrini. Usiwe na pupa. Mkono hurudi taratibu.

Siku mitambo ikizima, abiria hawatauliza cheti chako kilitolewa lini. Watakutazama wewe. Bahari haishi zingo, na baharia haishi kusoma. Kesho panda boti ya asubuhi, Mungu akutangulie.